Maswali ya wasomaji: Mteja haioni seva, anakuona wewe na neno lako

Mwezi huu karibu maswali yote yametoka kwa watu wanaouza huduma za IT kwa makampuni, sio laptop moja moja kaunta bali sapoti ya mwaka mzima, bakapu, klaudi (kompyuta na mifumo ya kukodi kupitia intaneti), ulinzi wa mtandao na programu za kutengenezewa. Kazi hii naijua, nilianza dawati la sapoti napokea simu za waliosahau paswedi, baadae nikahamia mauzo na nimekaa huko miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kama ninavyowajibu wadogo zangu pale ofisini. Maswali mengine nimeyafupisha.

Shikamoo dada. Mimi nilikuwa nauza simu na vifaa dukani na nilikuwa nafanya vizuri sana. Sasa ni mwezi wa tano niko kwenye kampuni inayosimamia mitandao na kompyuta za makampuni mengine kwa malipo ya kila mwezi, sijafunga dili hata moja. Bosi anasema nipige simu zaidi, napiga mpaka sauti inakauka. Nimekosea njia? (Niliyetoka dukani)

Marahaba mdogo wangu. Hujakosea njia, ila bado unatembea mwendo wa dukani. Dukani anayetumia kitu, anayekilipia na anayeamua ni mtu yule yule amesimama mbele yako, ukimridhisha yeye umemaliza. Kwenye kampuni hao watu wamegawanyika, kuna anayeumia kila siku mfumo ukilala, kuna mkuu wa IT ambaye ataulizwa, kuna wa fedha anaetaka kujua kwa nini bili imepanda, kuna kitengo cha manunuzi wana fomu zao, kuna mwanasheria atakaa na mkataba wako wiki tatu kwa ajili ya kifungu kimoja, alafu kuna mkubwa anayesaini ambaye pengine hutamuona hata siku moja. Dili la aina hii kuchukua miezi sita au tisa ni kawaida kabisa, na miezi mitano bila kufunga haimaanishi huwezi.

Ila sasa niulize mimi. Katika hizo kampuni unazopigia simu, ni ngapi unajua mkataba wao wa sasa unaisha lini? Manake karibu kila kampuni unayoipigia tayari ina mtu anaewahudumia, wa ndani au wa nje, na mikataba mingi ya hizi huduma inajirudia yenyewe kama mteja hajatoa notisi mapema, siku 30, 60, mpaka 90 kabla. Ukimpigia mtu wiki mbili baada ya mkataba kujirudia utaongea vizuri, atakusikiliza vizuri, na hatanunua, kwa sababu hawezi. Kwa hiyo badala ya kumaliza simu na "basi nitakutafuta tena", uliza: mkataba wenu unaisha mwezi gani na notisi inatakiwa kabla ya muda gani? Andika kwenye CRM, yaani ile programu ya kutunza taarifa za wateja, hesabu nyuma miezi mitano, hapo ndo mahali pa kurudi kwa nguvu. Mimi nusu ya dili zangu za mwanzo zilitokana na hilo daftari la tarehe.

La pili ni maswali yenyewe. Kuna kanuni ya zamani inayohusishwa na IBM, watu wa mauzo wanaiita BANT, yaani bajeti, mamlaka, hitaji na muda. Sio mbaya, ila vijana wanaigeuza mahojiano ya polisi, una bajeti? wewe ndo unaamua? Mtu gani ana moyo wa kujibu hivyo kwa mgeni. Uliza kuhusu kazi yake. Mara ya mwisho mfumo ulipolala, nani alikuwa wa kwanza kupigiwa simu? Hilo swali moja litakuonesha nani anaumia na nani anaogopwa, na ukisikiliza vizuri utajua mpaka na bajeti ilipo. Lingine ninalolipenda: mara ya mwisho mlirudisha faili kutoka kwenye bakapu ilikuwa lini? Nilishawahi kuuliza hilo kwenye kikao kimoja, walikuwa wanachukua bakapu kila usiku kwa miaka, ripoti inakuja kila asubuhi imeandikwa sawa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujaribu kurudisha kitu. Chumba kizima kilinyamaza. Sikuwauzia kitu siku ile, niliwaambia tu wajaribu wenyewe na folda moja ndogo. Wiki tatu baadae walinipigia wao, folda ilikuwa imegoma kurudi.

Simu piga, sijakataza. Ila piga 15 ulizojiandaa badala ya 60 za kubahatisha, na bosi wako mpelekee tarehe za mikataba, ataelewa.

Dada habari ya kazi. Mteja mkubwa anataka tumuandikie kwenye mkataba kwamba mfumo utakuwa hewani asilimia 99.99. Mafundi wetu wanasema hawawezi, meneja wangu wa mauzo anasema andika tu, mshindani ameandika hivyo hivyo. Nifanyeje? (Katikati ya moto)

Njema. Usiandike mpaka umefanya hesabu, tena uifanye mbele ya meneja na mafundi kwa pamoja, manake wengi wanaziona hizo tisa kama mapambo. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 99.9 maana yake umeruhusiwa kulala karibu saa 8 na dakika 45 kwa mwaka mzima, ukipima kwa mwezi wa siku 30 ni dakika 43 hivi. Ukiongeza tisa moja tu ikawa 99.99 unabaki na dakika 52 kwa mwaka, na kwa mwezi ni dakika 4 na sekunde kidogo. Dakika nne! Fundi wako usiku wa manane kuamka tu, kufungua laptop na kuingia kwenye mfumo zimeshaisha, bado hajajua tatizo ni nini. Ahadi ya namna hiyo haitimizwi na fundi hodari, inatimizwa na mfumo uliojengwa pacha, kimoja kikifa kingine kinachukua chenyewe bila mtu, na hiyo ni gharama nyingine kabisa ambayo nina uhakika haimo kwenye kotesheni yenu.

Alafu kuna kitu watu wa mauzo wanakisahau. Kama huduma yako imekaa juu ya huduma ya mwingine, tuseme mfumo wenu unategemea klaudi ya watu iliyoahidi 99.9, na wenu nao mmeahidi 99.9, na kimoja kikianguka vyote vimeanguka, basi mteja anapata kama 99.8, ambayo ni zaidi ya saa 17 kwa mwaka. Huwezi kuahidi zaidi ya kile ulichosimamia juu yake kama hujajenga njia ya pili.

Sasa kabla ya kumkatalia mteja, muulize anaogopa nini. Mara nyingi mtu anaesema 99.99 ana kitu kimoja anachokiwaza, mwisho wa mwezi mishahara isikwame, au saa za asubuhi oda zinapoingia. Hapo unaweza kumpa kitu cha kweli kinachomsaidia kuliko hiyo namba, mfano saa zake muhimu fundi awepo macho, matengenezo yote yafanyike usiku kwa taarifa ya siku kadhaa, muda wa kupokea tatizo usizidi dakika 15, na mtu wa kumpigia awe na jina. Na muoneshe jinsi SLA, yaani ile sehemu ya mkataba inayoahidi kiwango cha huduma, inavyofanya kazi, kwamba mkikosea anachopata kwa kawaida ni punguzo kwenye bili ya mwezi huo, asilimia 10 au 25 hivi kutegemea na mkataba, halipwi hasara ya biashara yake. Mteja akilijua hilo ataacha kung'ang'ania tisa ya mwisho, ataanza kuuliza nyie mkoje siku mambo yakiharibika.

Na huyo mshindani aliyeandika, omba mteja akusomee sehemu ya yasiyohesabiwa. Utakuta matengenezo yaliyopangwa hayahesabiwi, intaneti ya mteja haihesabiwi, kosa la mtu wa tatu halihesabiwi, ukitoa yote hayo namba inayobaki ni ya kwenye karatasi. Usimseme vibaya mshindani, we soma tu kifungu na mteja kwa sauti.

Kama baada ya yote hayo meneja bado anasema andika tu, muombe aseme hivyo kwa barua pepe na mkuu wa mafundi awepo kwenye hiyo barua. Mi nilifanya hivyo mara mbili maishani mwangu na mara zote mbili ahadi ilirekebishwa kabla ya jioni.

Mkuu wa IT wa kampuni ninayoifuatilia ananichukia waziwazi. Hajibu barua, kwenye kikao anakunja uso, na juzi aliniuliza mbele ya bosi wake swali la kiufundi akijua siliwezi. Nimzunguke niende moja kwa moja kwa mkurugenzi? (Nimechoka kukunjiwa uso)

Hapana ndugu yangu, tafadhali usimzunguke. Jiweke kwenye kiti chake kwanza. Ameshinda kwenye hiyo ofisi miaka, mfumo ukilala anatukanwa, ukisimama vizuri hakuna anayekumbuka kama yupo, leo anakuja mtu na slaidi nzuri anamwambia bosi wake kwamba kuna watu wanaweza kufanya kazi hii vizuri zaidi na kwa bei nafuu. Wewe unaona unauza huduma, yeye anasikia anauzwa yeye. Nilikuwa upande ule kabla sijaja mauzo na nakumbuka vizuri tumbo linavyokaza ukisikia wageni wamekuja kuongea na bosi mlango umefungwa.

Kwa hiyo nenda kwake peke yake, bila bosi, bila slaidi, umuulize swali hili: ni kazi gani ungependa isiwe tena mikononi mwako? Atakuambia. Kuweka upya paswedi, printa, kusukuma apdeti kila mwezi kwenye mashine 200, kuamka usiku kwa sababu diski imejaa. Hizo ndo mnazichukua nyie, na kwenye pendekezo lako uandike wazi kwamba usanifu wa mfumo, maamuzi na funguo kuu vinabaki kwake, na ripoti zenu za kila mwezi zinapita kwake kwanza kabla hazijaenda juu. Nimeona watu waliokuwa maadui wakawa ndo wanaopigania bajeti yangu ndani, kwa sababu kwa mara ya kwanza walienda likizo simu haikulia.

Ila kuna sharti moja. Kama ukweli ni kwamba mkurugenzi anataka kupunguza watu wa IT na huduma yenu ndo chombo chake, usimuahidi huyu bwana kwamba kiti chake kiko salama. Hujui, na sio ahadi yako kuitoa. Nyamaza kwenye hilo na uwe muungwana kwa mengine yote.

Swali la kiufundi usilolijua lina jibu moja tu: sijui, naliandika, kesho saa nne utapata jibu kutoka kwa fundi wetu na namba yake. Alafu kesho saa tatu na nusu jibu liwe limefika. Fundi akiona mtu wa mauzo anasema sijui bila aibu anaanza kumsikiliza, kwa sababu wengi waliomtangulia walibabaisha na yeye alijua wanababaisha.

Shikamoo. Nahitaji vyeti vya kiufundi ili niuze IT? Nijifunze na kuandika programu? (Msomi wa biashara)

Marahaba. Kuandika programu hapana, labda kama unapenda. Cheti cha mwanzo cha moja ya klaudi kubwa kinasaidia, kile cha AWS (klaudi ya Amazon) au Azure (ya Microsoft) cha ngazi ya kwanza kabisa, sio kwa ajili ya karatasi ila kitakupa maneno. Zaidi ya hapo omba kukaa dawati la sapoti wiki mbili, vaa hizo hedifoni upokee simu. Utajifunza nini kinaharibika, na kinavyomuuma mtu, kitu ambacho hakimo kwenye mtihani wowote.

Na jifunze ISO 27001 na ripoti ya SOC 2 ni nini, wateja wakubwa watakuuliza kikao cha kwanza. Kwa ufupi, ISO 27001 ni cheti kwamba kampuni ina utaratibu wa kusimamia usalama wa taarifa, na toleo linalotumika ni la 2022. SOC 2 ni ripoti ya mkaguzi, ya aina ya kwanza inaangalia mpangilio wenu ulivyo siku moja, ya aina ya pili inaangalia kama mliufuata kwa kipindi cha miezi. Mteja akiomba aina ya pili na nyie mna ya kwanza, sema mna ya kwanza.

Dada, timu yetu ya mauzo ya usalama wa mtandao inafundishwa kumtisha mteja. Ikitokea habari yoyote ya mifumo kuanguka duniani siku hiyo hiyo tunaambiwa tupige simu, "umeona? kesho ni wewe". Inafanya kazi kweli, watu wanasaini. Lakini moyo wangu hauko sawa. (Moyo mzito)

Moyo wako uko sahihi, na ngoja nikupe mfano wa kwa nini. Tarehe 19 Julai 2024 mashine za Windows duniani kote ziligoma kuwaka, ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Nilipata simu siku ile ile kutoka kwa mtu anauza programu ya ulinzi ananiambia ni shambulio la wahalifu, tununue haraka. Haikuwa shambulio. Ilikuwa apdeti yenye kasoro kutoka CrowdStrike, kampuni ya ulinzi yenyewe, na Microsoft walikadiria mashine milioni 8.5 ziliguswa, ambazo ni chini ya asilimia 1 ya mashine zote za Windows. Kwa hiyo yule kijana alikuwa ananiuzia dawa ya ugonjwa ambao haukuwepo, tena dawa ya ukoo ule ule uliosababisha tatizo. Sikumjibu vibaya ila sikumpokea tena simu.

Sasa siku ile ile kulikuwa na kitu cha kweli cha kumwambia mteja. Mashine nyingi zilihitaji mtu kuzifikia moja moja kwa mkono, kuziwasha kwa njia ya dharura na kufuta faili, na zile zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda data kwenye diski, zilidai ufunguo wa kurejesha. Sasa ukimpigia mteja ukamuuliza funguo zenu za kurejesha mmezitunza wapi, na hiyo sehemu mliyozitunza yenyewe ikiwa imezima je? hapo humtishi, unamsaidia kufikiri, na kama hana jibu ana kazi ya kukupa. Apdeti je, zinaingia mashine zote kwa mpigo au kundi dogo kwanza? Maswali mawili hayo yana thamani kuliko simu 100 za vitisho.

Hofu ya kweli ipo na inaruhusiwa kuitaja. Virusi vya WannaCry viliposambaa Mei 2017, kiraka cha kuziba ule mwanya Microsoft walikuwa wameshakitoa tangu Machi mwaka huo huo. Miezi miwili. Kampuni nyingi zilizoumia ziliumia kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kuhakikisha viraka vinaingia. Mwambie mteja hivyo kama ilivyo, na kama unauza huduma ya kuweka viraka huna haja ya kuongeza chumvi. Au Windows 10, muda wake wa kupewa sapoti ya kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, wauzaji wengi walikuwa wanawaambia watu kompyuta zitazima siku hiyo, uongo, ziliendelea kuwaka kama kawaida, kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure, na kulikuwa na mpango wa kuongezewa muda. Mteja ambaye kompyuta yake iliwaka vizuri asubuhi ya tarehe 15 unadhani atakuamini kwa lipi tena? Na wewe utamhitaji mwakani mkataba ukiisha.

Kwamba watu wanasaini nakubali. Angalia wangapi wanarudia kusaini mwaka wa pili, hiyo ndo takwimu ya kumpelekea mkuu wako.

Mshindani ametoa bei nusu ya yetu. Mteja ananiambia shusha au niende. (Bei imenikaba)

Usishushe kabla hujaweka kotesheni mbili pembeni kwa pembeni na kusoma nini hakimo. Nusu ya bei kwa kawaida ina maelezo. Sapoti ni ya saa za kazi tu na usiku unalipia, au tiketi zimewekewa kikomo kwa mwezi, au kuhamisha data kutoka mfumo wa zamani hakumo, au leseni hazimo, au mwisho wa mkataba kutoa data yako nje kuna malipo. Hilo la mwisho ndo linasahaulika na ndo linauma kuliko yote, kwa hiyo muulize mteja wako swali hili moja: ukitaka kuondoka kwao baada ya miaka mitatu, data zako zinatoka kwa njia gani, kwa muda gani na kwa gharama ya nani?

Kama baada ya kusoma kote ni kweli vitu ni vile vile kwa nusu ya bei, basi mwambie mteja ukweli kwamba kwa mahitaji yake yule mwingine anamfaa. Nimesema hivyo mara chache, inauma, hasa kama tageti ya robo mwaka haijafika.

Na ukishusha, shusha pamoja na kitu. Punguza kazi, ongeza miaka ya mkataba, au alipe mwaka mzima mbele. Ukishusha bei bila kuondoa chochote umemwambia mteja kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kumpima, na kila invoisi kuanzia leo ataitazama kwa jicho hilo.

Afisa wa manunuzi ameniambia dili ni letu ila nimkumbuke. Nimkumbuke vipi? (Naogopa kukosea)

Usimkumbuke kwa njia yoyote. Mwambie kwa heshima kampuni yenu hairuhusu, siku hiyo hiyo mwambie bosi wako kwa maandishi, uwe na nakala. Sheria za rushwa za nje zina mkono mrefu, ile ya Marekani ipo tangu 1977 inawabana hata wanaopitisha kwa wakala, na ya Uingereza ya 2010 inabana mpaka kampuni kwa kampuni, sio serikali peke yake. Wateja wako wakubwa wengi wanaguswa na mojawapo. Zaidi ya hapo huyo mtu akishakula mara moja anakuwa na dawa yako mfukoni, kila mkataba ukiisha mtaanza upya.

Mimi ni mwanamke, nina digrii ya mitandao na miaka sita kazini. Kwenye vikao mteja anajibu maswali yangu akimtazama kijana tuliyekuja nae, ambaye yuko mafunzoni. (Nipo hapa)

Mdogo wangu pole, hilo nalijua kwa mwili wangu. Nilichokuja kugundua ni kwamba kikao kinapangwa kabla ya kikao. Barua ya kuomba kikao itoke kwako na iseme nani anaongoza na nani amekuja kujifunza. Mkifika, yule kijana mfundishe kitu kimoja, akiulizwa swali asijibu, ageuke akutazame wewe, akae kimya. Kichwa cha mteja kitafuata macho yake. Inaonekana kitu kidogo lakini nimeiona ikibadilisha meza nzima ndani ya dakika kumi. Alafu chora. Simama ubaoni uchore mtandao wao jinsi ulivyo sasa na sehemu zinazotia shaka, mtu aliyesimama ubaoni na kalamu hawezi kuongelewa pembeni. Na bosi wako asipokusimamia katika hili, hapo kosa lipo kwake, sio kwako.

Mteja alipenda demo, alisifu, akaomba bei, nikatuma. Wiki ya sita sasa kimya, hapokei, hajibu. Niendelee kumsumbua? (Nimeachwa hewani)

Kosa lilitokea siku uliyotuma bei kwa barua pepe bila kupanga siku ya kuipitia pamoja. Bei ikisafiri peke yake inafika kwa mtu wa fedha ambaye hakuiona demo, anaona namba tu. Safari nyingine usitume kabla tarehe ya kikao haijawekwa kwenye kalenda ya wote wawili.

Kwa sasa mwandikie mara moja, fupi, bila lawama: naona hili limesogea pembeni, nafunga faili kwa upande wangu, mkilihitaji tena nipo. Usiandike "nakukumbusha tu", ameshakumbuka. Na fikiria kwamba kimya chake huenda hakikuhusu kabisa, bajeti zinafungwa, mabosi wanabadilika, kampuni zinaungana. Wa namna hiyo wengine walinirudia baada ya miezi kumi wakiwa na nafasi mpya kwenye kampuni nyingine kabisa, na walinitafuta kwa sababu sikuwachosha.

Nimefunga dili langu la kwanza la miaka mitatu! Kamisheni nimepata. Swali langu, baada ya kusaini mteja ni wa mafundi au bado ni wangu? (Mwenye furaha)

Hongera sana mdogo wangu, hongera kweli, furahia.

Bado ni wako. Siku 90 za kwanza ndo hatari kuliko zote, manake kila ulichosema kwenye vikao kinakutana na watu ambao hawakuwepo kwenye hivyo vikao. Kaa na kiongozi wa mafundi saa nzima umsomee ahadi zako zote, hata zile ulizotoa kwa mdomo mkiwa kwenye lifti, hasa hizo, kwa sababu mteja anazikumbuka na hazipo kwenye mkataba popote. Kama kuna moja haiwezekani, bora mteja aisikie kwako wiki hii kuliko aigundue mwenyewe mwezi wa tatu. Na soma mkataba wako wa kamisheni, kampuni nyingi zinairudisha mteja akiondoka ndani ya mwaka wa kwanza.

Alafu weka kwenye kalenda siku ya 30 tangu kusaini. Siku hiyo nenda ofisini kwao bila kitu cha kuuza, usianzie kwa mkurugenzi, anzia kwa yule wa kwanza kupigiwa simu mfumo ukilala, umuulize mwezi huu amelala vipi.